Tunaomba Pini Zetu 126

Kwa: Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Usajili, Ligi ya Vijana ya Bolingi,
Kentucky, Marekani.

YAH: OMBI LA WATOTO WA MTAA WETU KURUHUSIWA KUVINGIRISHA MPIRA



Mimi ni mjaza fomu. Kazi hii sikuiomba. Nilikuja kutoka Kigoma na Kiingereza changu cha shule; majirani zangu walitoka Uvira na Fizi wakapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tangu walipogundua kwamba naweza kusoma barua ya bima bila kutokwa jasho, fomu zote za mtaa hupitia kwenye meza yangu ya chakula. Nimejaza za shule, za hospitali, za kodi na za uraia. Kwa hiyo nikisema kwamba fomu yenu ya kusajili watoto imetia fora, pokeeni sifa hiyo kama ya fundi anayemsifu fundi mwenzake.

Kwanza, pongezi. Mchezo wenu una haki ambayo sijaiona katika mchezo mwingine wowote wa nchi hii. Mpira unavingirishwa futi 60, yaani mita 18 na kidogo, kuzielekea pini 10. Anayejua huziangusha zote. Asiyejua, mpira wake hutumbukia mferejini naye akarudi kukaa. Mngeweza kuishia hapo, wenye nguvu wachukue vikombe na wanyonge wapige makofi. Lakini mna handikapu. Ligi huweka kiwango, tuseme 220, ikatoa wastani wa mtoto, kisha ikampa asilimia 90 ya pengo linalobaki. Mtoto mwenye wastani wa 80 anapewa pini 126 kabla hajagusa mpira. Binti wa miaka tisa mwenye wastani huo akiangusha 95, anafikisha 221 na kumpita kijana wa wastani wa 190, ambaye akiangusha wastani wake, pamoja na nyongeza yake ndogo ya 27, amefika 217. Na kijana huyo anampa mkono. Zipo nchi ambazo katiba zake hazijafika hapo.

Swali langu ni moja tu: haki hii, mbona inaanzia ndani ya ukumbi na haitoki nje kutupokea?

Tuitazame fomu. Inapatikana kwenye intaneti pekee. Mzazi anatakiwa kufungua akaunti yake, kisha ya kila mtoto, na kila akaunti iwe na barua pepe yake na nenosiri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama ambayo kwenye simu ya jirani yangu Mama Furaha haionekani. Msimbo wa kuthibitisha hudumu dakika chache. Mama Furaha hupanga vifurushi ghalani usiku kucha, na simu ameifungia kwenye kabati la wafanyakazi. Msimbo ukija, yeye hayupo. Akiwapo, msimbo umekufa.

Halafu kuna tarehe ya kuzaliwa. Kule kambini, asiyejua siku aliyozaliwa aliandikiwa tarehe 1 Januari, na karatasi za Marekani zikaifuata. Matokeo yake, jengo letu lina watu wengi mno waliokuja duniani siku ya mwaka mpya. Mfumo wenu ulipowaona watoto wawili wa nyumba moja wenye siku na mwezi uleule, ulituarifu kwamba kuna rekodi inayojirudia, ukamfuta mmoja. Hatukulalamika. Tulitaka tu kujua ni yupi, ili tumwambie asivae viatu.

Upande wa majina mmetuonyesha umakini wa hali ya juu. Kwetu si ajabu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wakabeba majina matatu tofauti, kila mmoja amerithi la mzee wake. Jirani yangu mwingine, Baba Amani, alipowaandika watoto wake watatu, alitakiwa kuambatisha uthibitisho wa kisheria kwamba ni wake. Mzee huyu aliwavusha watoto hao Ziwa Tanganyika kwa boti, usiku, wakilia njia nzima, na boti nzima ilijua ni wa nani. Lakini boti haikuwa na sehemu ya kupakia nyaraka.

Kuna pia kipengele cha mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, asiyeishi nyumba moja na mtoto. Wazazi wote wa mtaa wamemwandika mtu mmoja, ambaye ni mimi. Mpira ukimwangukia mtoto mmoja mguuni, nitakuja mbio. Ukiwaangukia wote, niwekeeni kiti.

Ada nazo zimepangwa kwa ustaarabu, moja baada ya nyingine, ili mzazi asishtuke kwa mara moja. Ipo ya uanachama wa taifa, ipo ya jimbo, ipo ya chama cha mji. Ipo ya kila wiki ya kutumia ukumbi, ipo ya mfuko wa zawadi, na mwisho ipo ya shati, maana pini haziangushwi na mtu aliyevaa shati la kawaida. Zote hulipwa kwa kadi. Baba Amani alikuja na noti mkononi, safi, za hapahapa Marekani, akaambiwa ligi haipokei fedha taslimu. Ni nadra mtu kuona dola ikikataliwa katika nchi iliyoichapa.

Kanuni iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ni ile ya mtoto asiyefika. Mchezaji aliyesajiliwa akilala nyumbani Jumamosi, timu yake haiachwi hivihivi: inaandikiwa wastani wake ukipunguzwa pini 10. Nimeirudia mara kadhaa kuhakikisha sijakosea. Mtoto ambaye hayupo ukumbini anapata alama. Mtoto aliyepo, aliyesimama nyuma ya kizuizi na viatu vya kukodi mkononi, ambaye fomu yake bado "inashughulikiwa", hapati hata zamu moja. Kwa hesabu hiyo, njia nyepesi ya kuingia katika ligi yenu ni kuwa hayupo.

Waheshimiwa, mtaniambia fomu ni za usalama wa watoto. Nakubali. Makocha wenu hukaguliwa historia zao kabla ya kukabidhiwa watoto, na hilo nalipigia saluti. Lakini zamani ilikuwa rahisi zaidi kwa mtoto kuingia ukumbini. Kabla ya mashine kuanza kupanga pini, katikati ya karne iliyopita, kazi hiyo ilifanywa na watoto. Aprili 1910 mpigapicha Lewis Hine aliwapiga picha wavulana wa namna hiyo Brooklyn, saa saba usiku, na akaandika kwamba bosi wao aliwaficha wengine watatu wadogo zaidi wasionekane pichani. Watoto hao hawakuombwa nenosiri.

Mtaniambia pia kwamba mlango wenu uko wazi kwa wote. Nakubali, nao haukufunguka wenyewe. Kuanzia 1916 hadi 1950, katiba ya American Bowling Congress, wakati huo chama kikuu cha mchezo huu, iliruhusu wanachama wanaume Wazungu tu. Mwaka 1939 Wamarekani weusi walikutana Detroit wakaunda chama chao. Na Februari 1968, huko Orangeburg, South Carolina, wanafunzi waliandamana kwa sababu ukumbi wa bolingi wa mji uliwakataa watu weusi. Polisi wakawafyatulia risasi, vijana watatu wakafa na wengine zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Waliuawa wakidai ruhusa ya kuvingirisha mpira. Hapo sina utani. Fomu na risasi si kitu kimoja, na hakuna katika kamati yenu anayemchukia mtoto wetu. Mmoja wenu huwapa watoto peremende. Nasema tu kwamba siku hizi hakuna haja ya mtu kusimama mlangoni akikataza. Fomu inatosha, na haina sura ya kulaumiwa.

Cha kushangaza ni kwamba ninyi wenyewe mnalia wanachama wanakwisha. Profesa Robert Putnam aliandika mwaka 1995, kisha akaandika kitabu kizima mwaka 2000, akionyesha kwamba kati ya 1980 na 1993 Wamarekani wanaocheza bolingi waliongezeka huku wanaocheza katika ligi wakipungua kwa asilimia 40. Watu waliendelea kucheza, waliacha kujiunga. Wasomi walitafuta sababu nyingi, wakaitaja hata televisheni. Kwa unyenyekevu wa mjaza fomu, napendekeza waangalie na ukurasa wa usajili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nanyi mnaugua, wageni wapo mlangoni, na mnawauliza jina la familia.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo, na tunaliomba kwa kanuni yenu wenyewe. Mzazi mwenye kompyuta, kadi ya benki, Kiingereza cha kuzaliwa nacho na Jumamosi isiyo na kazi tumpe 220. Mama Furaha, baada ya zamu ya usiku, tumpe 80. Pengo ni 140, asilimia 90 yake ni 126. Hizo ndizo tunazodai, na tuko tayari kuzipokea kwa mafungu yafuatayo: fomu ya karatasi, ya ukurasa mmoja, iliyowekwa mezani ukumbini kila Jumamosi asubuhi, mtu wa kujibu maswali, hata kwa ishara, ada ilipwe wiki kwa wiki, noti zikubaliwe, mwaka wa kuzaliwa utoshe, na shati lisubiri mtoto ajue kwanza kama mchezo wenyewe anaupenda.

Najua mtakachohofia. Katika ligi zenu wamo wajanja wanaokosea kwa makusudi mwanzoni mwa msimu ili wastani ushuke na handikapu ipande. Mtasema nasi tutajifanya hatujui Kiingereza ili tupewe fomu nyepesi. Waheshimiwa, kaeni kwa amani. Kwa hilo hatuna haja ya kujifanya.

Msimu unafunguliwa Septemba. Watoto wameshajigawia timu, na timu mbili tayari zimegombana. Tunangoja majibu yenu kwa lugha yoyote. Nikishindwa mimi kuyasoma, watoto watanisomea.

Wenu katika ujazaji wa fomu,

Mjaza Fomu wa Mtaa
(pia mtu wa dharura wa watoto wote waliotajwa)

Nakala:
1. Mama Furaha – asomewe akiamka.
2. Baba Amani – aendelee kuzitunza noti zake.
3. Mfumo wa usajili – iwapo utapokea barua isiyo na nenosiri.