Ramani Inayoishia Kifuani

Sisi watu wa mabomba na viyoyozi ni wapangaji katika nyumba ya wasanifu. Programu tunayochorea majengo ina namba wanayoipenda wao: milimita 1200. Ukifungua ramani ya sakafu, inajifanya imelikata jengo kwa msumeno kwenye kimo hicho, kisha inatazama chini. Kwao ni namba nzuri, maana msumeno unapita katikati ya milango na madirisha, kuta zinatoka nene, kila mtu anafurahi. Madirisha sina ugomvi nayo. Ila niambieni, nani amewahi kuona kiyoyozi cha ukutani kimefungwa usawa wa kifua?

Juu ya msumeno tumeachiwa kijisehemu, mpaka milimita 2300, ambamo vitu vyetu bado vinaweza kuonekana. Tunashukuru. Sasa chukua ofisi yenye dari ya mita 2.7. Dakti ziko juu ya dari, feni za kutolea hewa chafu ziko hukohuko, na bomba la maji taka la ghorofa ya pili linaning'inia chini ya zege lake, yaani kichwani kwa jirani wa ghorofa ya kwanza. Kwenye ramani ambayo haijaguswa, vyote hivyo havipo.

Basi uhandisi nimeuweka pembeni, nashinda nabembeleza vimo: cha juu, cha kukatia, cha chini, na kile cha kutazama chini zaidi ya hapo. Nikipandisha cha juu, dakti zinajitokeza. Nikizidisha kidogo, na vya ghorofa inayofuata vinakuja kusalimia. Mwenye kiburi kuliko wote ni bomba la maji taka, kwa sababu ni lazima literemke. Ukilipa mteremko wa 1 kwa 40, kila mita 6 limeshuka milimita 150. Linatoka chooni vizuri, linapita korido, linafika kwenye kiungo, na kipande kinachofuata kimeshavuka mpaka, hakionekani. Anayesoma mchoro anaona uchafu umesafiri nusu ya jengo halafu umekata tamaa.

Kuna wakati unataka kubadilisha namba, unakuta pamepauka na hapabonyezeki. Mtu fulani ofisini aliifunga ramani hiyo kwenye kiolezo ili michoro yote ifanane. Mtu huyo huwa yuko likizo.

Halafu kuna jedwali la vifaa, ambalo halijui msumeno wala kimo. Linahesabu kila kilichomo, kionekane kisionekane. Mkadiriaji majenzi anapiga simu: "Injinia, jedwali linasema feni 14, ramani haina hata moja. Niweke bei ya zipi?" Unamwambia zipo. Kimya chake kinakwambia hakuamini, na kwamba kuna barua inakuja.

Saiti ndiyo balaa.

"Injinia, dakti inapita wapi?"

"Juu ya dari."

"Kwenye ramani haipo."

"Kwenye kompyuta ipo."

"Sasa tuitundike kompyuta?"

Wajuzi watasema njia zipo. Ni kweli. Unaweza kuchora kisanduku juu ya sehemu moja ya ramani na kukipa vimo vyake. Unaweza kutengeneza ramani ya dari peke yake. Unaweza kuweka kichujio kinachopaka dakti rangi kulingana na kimo, za juu bluu, za chini nyekundu, ili zile mbili zinazoonekana zimegongana zijulikane kuwa moja imempitia mwenzake juu. Hiyo ya rangi naisifu kwa dhati. Inafanya kazi mpaka msanifu aamue kushusha dari kwa milimita 200, dakti nazo zishuke, na zote za bluu ziamke nyekundu. Tena printa ya ofisi yetu inatoa nyeusi na nyeupe tu.

Juzi bosi akachoka. "Fungua vimo vyote," akasema, "mteja aone kila kitu anacholipia." Nikafungua, nikachapa karatasi kubwa, tukaenda kikaoni. Mteja, mzee mtaratibu mwenye jengo lake, akavaa miwani akaanza kufuata mstari mmoja kwa kidole. Akapita nao korido, akaingia nao kwenye chumba cha mkurugenzi, akasimama.

"Kijana, hili bomba linalopita juu ya meza yangu ni la nini?"

"Ni la vyoo vya ghorofa ya juu, mzee."

Watu wote wakanigeukia mimi, kana kwamba ndiye nitakayevitumia. Msanifu, aliyevipanga vyoo hivyo mwenyewe juu ya ofisi hiyo, akaniinamia sikioni: "Kaka, kwani ulikuwa na haja gani ya kulionyesha?"