Namna ya Kumlipisha "So" Deni Lake: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kiegei

Anza na gunia. Usianze na ubao, wala na lile jedwali la vielezi linalochorwa wiki ya kwanza na kusahauliwa wiki ya pili. Gunia la korosho limeshonwa, liko mlangoni mwa ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na wewe una miaka 14. Umejaribu kulinyanyua, limegoma. Sasa sema kilichotokea: "Gunia ni zito sana hata siwezi kulibeba."

Sentensi hiyo haina doa. Ina kipimo, ina matokeo, na katikati yake kuna "hata" inayoviunganisha. Mtoto wa Kiegei, huku wilayani Nachingwea, huingia Kidato cha Kwanza akiwa nayo tayari mdomoni, kwa sababu shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili. Anafika sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, naye anajitwika gunia lake na kulivusha: "The bag is very heavy that I cannot carry it." Linarudi na wino mwekundu. Nasema bila kumung'unya maneno: mantiki ya mtoto huyo ni nzima. Kilichomponza ni neno moja tu, "sana".

"Sana" yetu ni moja, inaweza kufanya kazi zote. Waingereza wameigawa kazi hiyo kwa watu watatu, na kila mmoja ana tabia yake. Ukishazijua tabia zao umekwisha kumaliza nusu ya safari.

"Very" ni mtu aliyekula akashiba. "The bag is very heavy." Basi, ananawa mikono, anaondoka. Usimwongezee kitu, hataki. Ukimwekea "that" nyuma yake unamlazimisha kula tena.

"So" ni mdeni. Akiingia mbele ya sifa au kielezi, msikilizaji anafungua daftari la madeni na kuandika jina lake. "The bag is so heavy..." Enhe? Zito kiasi gani? Lazima alipe, na malipo yake ni "that": "so heavy that I cannot carry it." Ndugu yake "such" ana deni hilohilo, ila yeye hutembea na nomino: "such a heavy bag that..." Angalia ile "a" ndogo. Inakaa na kitu kinachohesabika, na mvua haihesabiki, kwa hiyo masika yakiikata barabara ya kwenda Nachingwea mjini sema "such heavy rain that the bus turned back", bila "a".

"Too" ni mlinzi wa geti. Huyu ndiye nataka tukae naye, maana ndiye anayewaangusha wengi. "The bag is too heavy to carry." Ukiitazama sentensi hiyo huoni "not" wala "cannot", na bado gunia halibebeki. Katazo lote limefichwa ndani ya "too". Kiswahili hakifichi: tunasema "zito mno, halibebeki", na ile "ha-" inasimama mlangoni kila mtu aione. Ndiyo maana mwanafunzi mwangalifu, akiona sentensi ya Kiingereza haina ukanushi, huuongeza mwenyewe: "too heavy that I cannot carry it". Amefanya uungwana, lakini geti lilikuwa limefungwa tayari. Mfundishe hivi: "so" hufungua njia ya "that", "too" hufunga njia ya "to". Na mtu asikupe sifa ya "too good" ukadhani amekusifu moja kwa moja; subiri usikie geti gani linafungwa.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Sema "gunia zito mno kwangu kulibeba". Umeisikia ile "li" ndani ya "kulibeba"? Kitenzi chetu hubeba mtendwa tumboni, nasi tumezoea kumpeleka kila mahali. Kwa hiyo mkono unaandika "too heavy for me to carry it". Iache hiyo "it". Gunia limeshatajwa mwanzoni mwa sentensi, na "too" hapendi litajwe mara mbili. Lakini "so heavy that I cannot carry it" inaitaka "it" yake, kwani baada ya "that" sentensi mpya kamili imeanza na kila mtu lazima awepo.

"Enough" nampitia haraka: husimama nyuma ya sifa na mbele ya nomino. "Strong enough to carry it", "enough sulphur". Umemaliza.

Sasa tuje kwenye kusudi, na hapa naomba walimu wenzangu nao wavute viti.

Wakati wa kupulizia mikorosho, mzazi wako anaamka alfajiri, anafunga kitambaa puani, anapulizia salfa. Kwa nini? Ili ubwiri unga usishambulie maua. Sikiliza mwisho wa kitenzi hicho: "usishambulie". Ile "-e" ni hazina. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaitumia tangu utotoni bila kufundishwa: nipe nile, njoo uone, nyamaza asisikie. Ikija "-e" pasipo alama ya wakati, tunajua jambo bado ni nia, halijawa tukio. Hata vitenzi vya asili ya Kiarabu visivyokubali "-e", kama "kurudi" na "kusafiri", hubaki bila "li" wala "na": "ili arudi". Uchi huo wa kitenzi ndio dalili.

Kiingereza hakina dalili hiyo katika kitenzi. Kinatuma vitenzi visaidizi. "They dust the trees so that the mildew will not attack the flowers." Ukiwa wakati uliopita, "will" inageuka "would" na "can" inageuka "could". Na tazama kosa ambalo nimelikuta katika madaftari mengi kuliko yote: "so that to get". Linatoka wapi? Linatoka kwetu. Kiswahili kinaruhusu "ili kupata" na pia "ili apate", "ili" haibagui. Lakini "so that" hutaka mtu na kitenzi chake, na "in order to" au "so as to" hutaka kitenzi peke yake. Mwanafunzi asiyeambiwa kwamba "ili" moja imegawanywa mara mbili atachanganya tu, na kumcheka ni kumwonea.

Kisha linakuja fumbo lenyewe. "So that" hiyohiyo ya kusudi hutumika pia kwa matokeo. Linganisha:

"He spoke softly so that nobody would hear."
"He spoke softly, so that nobody heard."

Ya kwanza: alisema polepole ili mtu asisikie. Huenda walisikia, hatujui. Ya pili: alisema polepole hata hakuna aliyesikia. Limekwisha kutokea. Mwingereza anatofautisha kwa "would" na, mara nyingi, kwa mkato. Wewe una kipimo bora zaidi: geuza sentensi iwe Kiswahili. Kitenzi kikidai "-e", ni kusudi. Kikija na "li", "ka" au "haku", ni matokeo. Fanya hivyo kabla ya kugusa kalamu, hata ndani ya chumba cha mtihani, kwenye swali la kuandika upya sentensi kwa maelekezo. Na ukiambiwa anza na "So heavy", usiogope kitenzi kikimtangulia mtenda: "So heavy was the bag that two men could not lift it." Wasimulizi wetu hufanya hivyo kila usiku. "Akaja sungura," wanasema, na hakuna anayelalamika kwamba sungura amechelewa.

Kama unataka mfano mkubwa wa tofauti ya kusudi na matokeo, hauko mbali. Unakanyaga juu yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Baada ya vita Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mpango ulitaja zaidi ya ekari milioni 3. Andika kusudi lao: "They cleared the bush so that Britain could have cooking oil." Ile "could" inabeba ndoto nzima. Wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea, ili karanga zisafirishwe. Zote ni "-e", zote ni "could".

Halafu matokeo. Kongwa, udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa kama saruji: "The clay dried so hard that the machines broke." Mradi ukavunjwa mwaka 1951, baada ya kula karibu pauni milioni 36. Miaka ya mwanzo ya 1960 reli ikang'olewa: "The scheme failed, so that the railway had nothing to carry." Mkato upo, "could" haipo. Bandari ya Mtwara ikabaki, na leo inapokea korosho.

Kwa hiyo ukifunga shule, ukirudi Kiegei, mtafute mzee anayeikumbuka reli. Mwamkie, kaa chini, muulize maswali mawili: ilijengwa ili nini, na ikawaje. Andika majibu yake kwa Kiingereza. La kwanza liwe na "could". La pili lisiwe nayo.