Mwongozo wa Mgeni Atakayekutana na Gosbert

Uko msibani Nshambya, Bukoba, na katibu anasoma rambirambi: Gosbert, elfu kumi, Adalbert, elfu tano na mkungu wa ndizi, Wilbard, ameahidi. Tafadhali usigeuke kumtafuta Mzungu.

Wala usianze kuwahadithia wafiwa habari za koloni. Mjerumani aliyefungua boma hapa mwaka 1890 alizaliwa Eduard Schnitzer, ila alikuja akijiita Emin Pasha kama Mturuki. Kwenye kesi ya majina, huyo si shahidi wa kutegemea. Majina haya yalipitia mlango mwingine. Mapadri Weupe, shirika la Mfaransa Lavigerie, walifika Kashozi mwaka 1892 wakiwa na kalenda ya watakatifu, nayo imejaa Wafaranki na Wasaksoni wa kale. Uliyebatizwa ulichaguliwa somo wako, ukatoka na jina ambalo Ujerumani ya leo hulioni ila makaburini.

Ukibishiwa, mtaje Adalbert, askofu wa Praha aliyeuawa mwaka 997. Kwao Bohemia aliitwa Vojtěch. Hilo la Adalbert alilipata kwa askofu mkuu aliyemlea. Kumbe hata mwenye jina aliazima.

Mtego mkubwa ni fomu. Babu alibatizwa Gosbert. Mwanawe shuleni akaandikwa kwa jina la baba, mjukuu akalirithi, na leo karani akiuliza jina la ukoo anajibiwa: Gosbert. Usiandike utafiti kwa hilo! Ukoo wake anao, wa Kihaya, wenye mwiko wake wa kitu kisicholiwa. Gosbert hana mwiko. Huyo anakula chochote. Kwa Wilfred Lwakatare, aliyewahi kuwa mbunge wa Bukoba Mjini, kazi ni nyepesi: Usaksoni mbele, Uhaya nyuma, kila kitu mahali pake.

Bibi akimwita mumewe Gozibeti, nyamaza. Jina limekaa kinywani mwake miaka mingi kuliko kwako, na irabu alizoongeza amezilipia.

Ukialikwa ubatizo wa kitukuu, usishtuke mtoto akiitwa Brayan. Mzee Gosbert atakuwa amekwisha kulalamika kuwa vijana wa siku hizi wanapenda mno majina ya kizungu.