Bei ya Ujuha

Shemeji yangu ni mhasibu. Mhasibu ukimpa shujaa wa kubuni na pointi 150 za kumjenga, hakuulizi shujaa huyo anampigania nani. Anakuuliza kipi kwenye orodha kimewekewa bei ya chini kwa makosa.

Mchezo wenyewe unaitwa Mutants & Masterminds. Aliutunga Mmarekani Steve Kenson, ukatoka mwaka 2002, na toleo nililo nalo ni la tatu, la 2011. Binamu yangu aliniletea kitabu kutoka London pamoja na dadu moja lenye nyuso 20. Hauhitaji skrini wala umeme, na kwa mtaa wetu hilo si jambo dogo. Mnakaa mkekani, kila mtu na shujaa wake kwenye fomu, na mmoja anakuwa refa: yeye husimulia kisa, huwaleta maadui na hulaumiwa kwa kila kitu. Ukitaka kufanya jambo gumu unatupa dadu, unajumlisha na uwezo uliojinunulia, tunaona. Kwa upande wa nguvu, kila daraja ni maradufu ya lililotangulia. Daraja la 2 linakuinulia gunia la mahindi la kilo 90, yaani hamali wa Kongowea hana haja ya kuumwa na buibui wa ajabu. Daraja la 10 linainua tani 23 hivi, lori na shehena yake.

Mimi ndiye refa. Na ni mimi niliyesema, kwa mdomo wangu huu: msibuni mashujaa wapya, kila mmoja amlete anayempenda tangu utotoni, tutamgeuza kuwa pointi.

Mpwa wangu, miaka 13, alimleta Ben 10, na kwa kuwa Ben hujigeuza viumbe kumi, aliniletea fomu kumi, zote zimejazwa kwa penseli isiyosomeka. Sitasema zaidi, kwa sababu bado sijamaliza kuzisoma.

Shemeji alimleta Superman. Nikamwambia Superman haingii kwenye pointi 150, ni kama kutia ng'ombe kwenye birika. Akaenda zake. Baada ya siku mbili akarudi na Superman wa bei nafuu: yule wa 1938, wa Jerry Siegel na Joe Shuster, kabla hajapandishwa cheo. Superman wa mwanzo hakuwa akipaa. Alikuwa akichupa tu, mita 200 hivi kwa mchupo mmoja. Na kitabuni kupaa ni pointi 2 kwa kila daraja, kuchupa ni pointi 1. Nilimpa mkono kwa utafiti ule. Fomu aliijaza kwa Kiswahili, nami nikaitia sahihi bila kuisoma mara mbili: "Kuruka, daraja la 7, pointi 7."

Jumamosi ya kwanza Superman akaruka kutoka paa la Soko la Mackinnon, akabaki huko huko juu.

"Teremka," nikamwambia. "Umelipia kuruka."

"Si ndiyo naruka, shemeji? Kwani kunguru hufanya nini? Ndege ya Nairobi inaruka saa ngapi?"

Nilileta kamusi. Kamusi ikatoa ushahidi upande wake. Tukabishana mpaka chai ikapoa, Superman akiwa angani muda wote ule, halipi nyongeza.

Mchezaji wangu wa tatu ni jirani, mzee aliyestaafu ubaharia, ambaye sote tunamwita Kapteni ingawa hajawahi kuwa kapteni. Alimleta Popeye, baharia mwenzake. Mimi nilishaandaa kila kitu: kopo la mchicha wa kizungu, analimeza, mikono inavimba. Kapteni akakataa katakata. Akasema mchicha ulikuja baadaye, watoto wanadanganywa. Popeye alipotokea gazetini mwaka 1929, kwenye katuni za E. C. Segar, uhai wake ulikuwa kwa kuku. Kulikuwa na kuku wa ajabu aitwaye Bernice, ukimpapasa kichwa unapata bahati, na Popeye alimpapasa hasa, akapigwa risasi tele na asife. Nilikwenda kuhakikisha, na ni kweli.

Sasa kuku unamtoza pointi ngapi? Kitabu kina kanuni ya vifaa: uwezo unaotoka kwenye kitu ambacho adui anaweza kukupora hupunguziwa bei, pointi 1 katika kila 5. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya mavazi ya chuma na pete za miujiza. Mimi nikaandika: "Kifaa: kuku." Kapteni akafurahia punguzo. Tangu siku hiyo kila zamu yake ikifika huweka mkono wa kushoto kifuani, hupapasa hewa kwa wa kulia, ndipo atupe dadu.

Hivyo ndivyo mama alivyotukuta.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Malindi kukaa nasi wiki mbili. Alikuwa uani anakuna nazi aliposikia mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, akipaza sauti: "Tupa dadu, Kapteni!" Mbuzi ikanyamaza. Mama akatokea mlangoni, kifuu mkononi.

"Kamari? Juu ya mkeka niliousuka mimi?"

"Hakuna pesa hapa, mama. Tunaokoa mji."

Akamtazama Kapteni, mzee wa miaka 68, anayempapasa kuku asiyekuwepo. Akamtazama shemeji. Hakusema neno. Aliinama akaliokota dadu, akalifunga kwenye pindo la leso, na mpaka leo sijalitia machoni.

Mpwa ndiye aliyetuokoa. Alileta komwe 20 za bao, akaziandika namba kwa rangi ya kucha ya mke wangu, akazitia kwenye kofia yangu ya Ijumaa. Badala ya kutupa unachomoa, unasoma, unarudisha. Hesabu ni ile ile. Kwa komwe mama hakuwa na neno, maana babu naye alikuwa mtu wa bao. Tatizo moja tu: komwe ni duara, haina juu wala chini, hivyo 6 na 9 tukazipigia mstari kwa chini.

Jumamosi iliyofuata mama alivuta mbuzi yake karibu na mkeka, kwa ulinzi. Shemeji akafufua kesi ya kuruka. Mama akasikiliza pande zote huku anakuna.

"Kunguru huruka," akasema. "Na chura huruka. Wewe ulilipa bei ya nani?"

Shemeji akakiri alilipa bei ya chura.

"Basi ruka kama chura."

Ningalikuwa na akili ningemwachia urefa hapo hapo. Badala yake nikamkaribisha acheze. Akauliza kama Juha Kalulu yumo. Nilipokuwa mtoto, Taifa Leo ikiingia nyumbani, katuni hiyo ya Edward Gitau ilisomwa kabla ya habari za serikali, na mama ndiye aliyeanza.

Nikaketi kumjenga Juha. Nguvu sufuri, mbio sufuri, maarifa ya mitambo sufuri. Kisha nikafika kwenye ujuha wenyewe, nikakwama: ujuha unatozwa pointi ngapi? Kitabu kinajibu vizuri kuliko nilivyotaraja. Udhaifu hautozwi kitu, ila kila unapokutia mashakani mchezoni, refa anakulipa pointi ya ushujaa. Pointi hiyo unaweza kuitumia kuchomoa upya, na ukichomoa 10 au chini yake, unaongezewa 10 juu. Nikamwandikia udhaifu aina nne: ujuha, njaa, madeni, na kwamba kila anachokisaidia hukiharibu.

Shemeji aliisoma fomu ile akabadilika rangi. "Huu ni ukwepaji wa kodi," akasema.

Kisa cha siku hiyo: adui ameteka feri ya Likoni katikati ya mkondo, mtambo umegoma kuzimika, feri inaelekea kwenye meli ya mafuta. Superman akaruka kama chura kutoka ng'ambo ya kisiwani, mita 200 na ushei. Mkondo pale ni mpana kuliko hapo, naye akatumbukia. Ben 10 akawa bado anachagua fomu. Adui akamnyang'anya Popeye kuku, kwa lile lile punguzo la pointi 1 katika 5, na Kapteni akanuna kwa dhati.

Juha Kalulu alikuwa ndani ya feri tangu mwanzo, kwa kosa. Alikuwa anakwenda kununua samaki. Alishakosea kamba, akafungua ya nanga: pointi. Akala chakula cha mateka: pointi. Akakutana na anayemdai: pointi. Sasa akataka kuzima mtambo asioujua. Nikasema zinahitajika 18.

Mama akachomoa 3. Akalipa pointi moja ya ushujaa, akachomoa tena.

Mikono yake ilikuwa na tui. Rangi ya kucha ilikuwa imechubuka, na ule mstari wa chini haukuwepo. Ikiwa ni 6, jumla ni 16, sote tumekwisha. Ikiwa ni 9, ni 19. Shemeji akavaa miwani akasogea. Kapteni akaigeuza komwe juu, akaigeuza chini.

"Tisa," mama akasema, akaipokonya na kuirudisha kofiani. "Mnanitolea macho ya nini? Feri si imesimama? Niteremsheni, samaki wataisha."