Namna ya Kusafisha Picha Bila Kumsafisha Bibi

Njoo na sweta. Darasa linaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, mabasi ya Singida na Babati yakishapita, na upepo unaoshuka kutoka Mlima Hanang hauulizi kama umekuja Katesh kujifunza kompyuta au kuuza mbuzi. Njoo na flashi, daftari, kalamu, na picha moja ya mtu unayempenda. Hiyo picha ndiyo muhimu kuliko kompyuta yenyewe. Anayehariri sura ya mtu asiyemjua hufuta bila kushtuka.

Neno utakalolisikia mara nyingi kuliko yote ni kusafisha. Wazazi wetu walilitumia kwa kazi moja. Mkanda ulitolewa kwenye kamera, ukasafiri kwa basi hadi mjini, ukaingizwa chumba cha giza, ukatumbukizwa kwenye dawa, na sura iliyokuwa imejificha ikatokeza. Huko ndiko kulikokuwa kusafisha picha. Siku hizi mteja akiingia steshenari na kusema "nisafishie picha," anataka chunusi ziondoke, makunyanzi yanyooke, na ngozi ipande rangi mbili juu. Neno limebaki, kazi imegeuka. Mimi nashikilia maana ya wazazi, na nakuomba uishike nayo. Kila unapogusa kipanya, jiulize: hapa natokeza, au nafuta?

Kabla ya lolote, tengeneza nakala. Iliyotoka kwenye kamera iite "bibi halisi," uiweke pembeni, usiiguse hata kwa kuijaribu tu. Ya pili iite "bibi kazi," na hiyo ndiyo utakayoisumbua. Kila badiliko liwekee tabaka lake, ambalo mafundi huita leya, ili kesho ukijutia kitu kimoja usilazimike kuvunja nyumba nzima. Na uhifadhi kila dakika chache, maana umeme wa jioni ukiondoka hauagi.

Kuhusu programu usisumbuke sana. Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ilitoka mwaka 1990 na leo hulipiwa kila mwezi. GIMP imekuwepo tangu 1996 na ni ya bure. Ukishaipakua mara moja haikuombi bando tena. Mwenye simu tu aweke Snapseed, aketi mbele kama wengine.

Sasa fungua histogramu. Usiogope jina, ni mchoro wa mlima. Kushoto ni giza, kulia ni weupe, na kimo kinaonyesha ni vitone vingapi vya picha vina mwanga wa kiasi hicho. Watu wa Hanang mmekua mkitazama mlima wa zaidi ya mita 3,400 uliosimama peke yake juu ya uwanda, kwa hiyo mnajua mlima kamili ulivyo: una mteremko huku na mteremko kule. Picha ya usiku ina haki ya kuegemea kushoto. Lakini ukiona mlima umekatika ghafla kwenye ukuta wa kulia, kama lori lililokosa breki, ujue weupe umeungua. Pale hapana kitu cha kutokeza hata ukikesha.

Twende Ziwa Balangida, chini ya mlima. Kiangazi maji yakirudi nyuma hubaki uwanda wa chumvi, mweupe wa kuumiza macho. Mpige picha mchota chumvi saa saba mchana, kisha uitazame: chumvi imekuwa kijivu na uso wake umekuwa mkaa. Kamera haikumchukia. Imetengenezwa iamini kwamba dunia yote, ukiikoroga kwenye sufuria moja, ni kijivu cha wastani. Ikikutana na weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayelipa ni mwenye ngozi nyeusi aliyesimama katikati. Kumng'arisha hapo si kumchubua, ni kumrudishia mwanga aliokuwa nao.

Mrudishie kwa mkono mwepesi. Tafuta sehemu ya vivuli, uinue kidogo kidogo huku ukitazama paji la uso, ncha ya pua na sehemu ya juu ya shavu. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake, na mng'ao hukaa hapo. Ukianza kuuona, punguza mwendo. Ukiendelea kuinua hadi mng'ao na ngozi vikawa rangi moja, umemtengeneza mtu wa majivu. Rudi nyuma. Hatua hii inafaa kurudiwa jioni tatu au nne mfululizo, na mwalimu anayeipitia kwa nusu saa anawadhulumu wanafunzi wake.

Ugomvi huu wa mashine na ngozi yetu ni wa zamani. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ya Marekani ilikuwa ikipelekea maabara za picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyokuja kuitwa kadi ya Shirley, na mashine za kuchapa zilirekebishwa hadi yeye aonekane sawasawa. Miongoni mwa waliolalamika kwamba mikanda haionyeshi vizuri rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, na malalamiko yao yalisikilizwa. Hilo linaniuma. Kabati lilihurumiwa mapema kuliko uso wa mama. Ndiyo maana kijana wa Mbulu anayekaa jioni nzima akipima mwanga wa shavu la shangazi yake namheshimu sana: anaimaliza kazi ambayo kiwanda kilichelewa kuianza.

Kitufe cha otomatiki usikiamini ukiwa na picha ya jioni ya Dongobesh. Ng'ombe wanarudi zizini, vumbi jekundu limepanda, jua linapita ndani yake. Otomatiki inaona wekundu umezidi, inamwaga bluu ili mambo yalingane, na jioni yako inageuka asubuhi ya wodini. Tafuta ndani ya picha kitu unachokijua kuwa cheupe, mathalani shati la mwanafunzi, urekebishe rangi kwa kukitazama hicho, halafu ukiache na unjano kidogo. Ile ilikuwa jioni, na shati lilikuwa limelala kwenye mwanga wa jioni.

Kuchagua sehemu ya picha ni kazi ya wafugaji, na wafugaji huiweza haraka. Unazungusha kamba kuzunguka kitu kimoja, na kamba isipofunga duara ni zizi lisilo na mlango: kila utakachofanya kitatoroka. Lainisha ukingo kidogo, la sivyo mtu ataonekana amebanduliwa kwenye gazeti.

Ujuzi huu ndio utakaokupa hela ya kwanza, kwa picha za pasipoti zenye bakigraundi ya bluu na koti la suti la kuvalishwa kwenye kompyuta. Sioni ubaya. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, walikata sura za wateja wakazibandika katikati ya mandhari ya ndoto zao, na mteja aliondoka anacheka kwa sababu alijua alichonunua. Mvalishe koti anayelitaka. Ila usimvalishe marehemu koti ambalo hakuwahi kulitaka kisha ukampa mjane picha hiyo aiweke ukutani.

Hapa sasa punguza mwendo kabisa. Kuna kifaa kinachoitwa brashi ya kuponya. Kinachofanya ni kuchukua ngozi ya jirani na kuilaza juu ya mahali ulipogusa, kikilinganisha mwanga. Kwa vumbi lililoganda kwenye lenzi, kwa mkwaruzo, kwa nzi aliyetua shavuni wakati wa kupiga, ni kifaa kizuri mno. Mafundi wa siku nyingi wana kipimo chao: kitu hiki kingekuwepo mwezi ujao? Chunusi itapona yenyewe. Ukiiondoa umeiwahi tu. Kovu la utotoni lingekuwepo. Liache.

Jioni moja mwenzetu alileta picha ya bibi yake, Mdatoga wa Kibarbaig wa upande wa Basotu. Bibi amevaa vazi la ngozi lenye nyuzi, mikono imejaa shaba, na kuzunguka macho yake kuna chale zilizopangwa duara, urembo wa wanawake wa Kidatoga. Mwenzetu akabonyeza kitufe cha urembo kwenye simu. Sekunde mbili hivi, duara zote mbili hazipo. Programu ilikuwa imehesabu kila chale kuwa doa na kulifunika kwa ngozi laini ya bandia. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe aliitazama simu muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huyu siye."

Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia tu, "Rudi nyuma." Chale zikarejea moja baada ya nyingine, na nikaona mabega ya yule kijana yakishuka.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu, na nakupa uutumie: mwenye uso aulizwe. Unamwendea na simu mkononi, unaanza na shikamoo, na akishaitikia marahaba unamwonyesha picha na kusema, "Bibi, nataka nikuchapishie hii. Kuna mahali ungependa niguse?" Akitaka kovu la moto la mkononi litoke, litoe, uso na mkono ni vyake. Asipotaja chale, kidole chako kisifike huko.

Kama bado huoni tofauti ya kutokeza na kufuta, fanya zoezi hili kichwani. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka akaumia goti. Aliingia uwanjani usiku, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akawa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Sasa chukua picha yake na brashi ya kuponya. Ondoa bendeji. Nyoosha mguu. Kausha jasho. Umebaki na mtu anayekimbia usiku kwenye uwanja uliokaribia kuwa mtupu, na mtoto wa darasa la nne Mbulu akiiona atauliza kwa nini amechelewa.

Kuna picha zitakazokufikia zimeumia kuliko watu waliomo. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliushusha upande wa mlima. Tope, mawe na magogo vikapita Gendabi na Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Nyumba ikichukuliwa na tope, albamu huenda nayo. Anayekuletea picha iliyookotwa kwenye matope huenda hana nyingine ya mtu huyo, basi kabla ya kompyuta jifunze maji. Picha za studio zilizogandana zikiwa bado mbichi usizibandue kwa kucha, wala usiziache zikauke zikiwa zimeshikana. Ziloweke kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachiane zenyewe, suuza bila kusugua upande wa sura, zilaze kivulini sura ikitazama juu. Zilizochapwa kwa mashine ya wino usizitie maji, wino utaondoka.

Zikikauka, ziskani kwa vitone 600 kwa inchi. Usipokuwa na skana, zipige picha karibu na dirisha, flashi imezimwa. Kisha ponya nyufa na madoa ya tope, ukianzia kwenye nguo na ukuta, ambako kosa halitamuumiza mtu. Usoni uje mwisho.

Hapo kwenye uso utashawishika kuita akili mnemba. Itakuletea jicho kamili badala ya lile lililoliwa na tope, lenye kope na mng'aro. Ila jicho hilo imelibuni kutokana na macho ya watu wengine iliyowahi kuyaona, na mama anayemtafuta mwanawe ndani ya hiyo picha atatazamwa na mgeni. Mimi huacha tope libaki juu ya jicho. Nimeshaona mtu akipitisha kidole juu ya doa kama hilo kwa upole, kama anayelipangusa.

Tatizo lingine la picha za marehemu ni udogo. Familia inaleta picha ya kitambulisho, inataka ya kuwekwa kwenye jeneza. Hesabu kwanza: vitone 600 kwa 900, vikichapwa 300 kwa inchi, vinatoa picha ya inchi 2 kwa 3, basi. Ukiivuta ijaze karatasi nzima utapata ukungu. Ichape ndogo hivyohivyo, katikati ya karatasi, na nafasi nyeupe pana pande zote. Watu wataisogelea, na wakiisogelea wataiona.

Mwisho chapa ile picha uliyokuja nayo siku ya kwanza, uipeleke nyumbani kwa mkono. Usiitume kwa simu, bibi aishike. Yule mwenzetu wa Basotu alifanya hivyo. Bibi aliipeleka picha kwenye mwanga wa mlangoni, akafuata chale za jicho la kulia kwa kidole, kisha za kushoto, akaitikia kwa kichwa. Halafu akaigeuza upande akatafuta pembeni, mahali ambapo mjukuu alikuwa amepunguza ukingo ili uso ukae katikati.

"Na ndama wangu yuko wapi?"

Kesho yake jioni kijana alifika darasani wa kwanza, akawasha kompyuta, akafungua lile faili lisiloguswa. Ndama alikuwepo, upande wa kushoto, sikio moja limesimama.