Gunia la Mheshimiwa Fisi

Kanisa la wanyama wa Mwiki lilikuwa la mabati, na mabati yenyewe yalikuwa yamechakaa. Mvua ya Aprili ikinyesha, kwaya ya kondoo iliimba imejibanza upande mmoja. Jumapili moja Mheshimiwa Fisi akaingia na gunia la mahindi, akalitua mbele ya madhabahu.

"Uzeni, mwezeke paa. Mimi dhamiri yangu ni safi."

Makofi yakapigwa. Lakini mhazini, Mzee Kobe, hakufungua kitabu cha risiti. Wote walijua kwamba ghala la Mama Kanga lilikuwa limevunjwa wiki hiyo, ila hakuna aliyetaka kulitaja.

"Mahindi hayana dhambi," akasema Punda, mvuta mkokoteni wa maji.

"Mimi nimeliombea gunia, nikapata amani," akasema Mbuzi.

Hapo ndipo waumini wengi tunapopotea. Tunaomba kwa bidii ili tusiulize swali, kisha ule utulivu unaofuata tunauita sauti ya Mungu. Paulo alipowaandikia Warumi juu ya sheria iliyoandikwa mioyoni, aliitaja dhamiri kuwa inashuhudia. Shahidi asiyekwenda kuangalia atashuhudia nini?

Kobe akainamia gunia. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa buluu, na kila baada ya mishono mitatu pana fundo. Akashika njia ya matope hadi kwa Mama Kanga, ibada ikimsubiri. Akakuta sindano ya magunia imechomekwa kwenye nguzo, uzi wa buluu ungali unaning'inia, na vifaranga wakidonoa sakafu tupu.

Aliporudi alisema, "Ndugu zangu, hata mimi nalitaka paa. Lakini nimeona."

"Mzee, nani hurudisha sadaka?" Punda aliuliza kwa uchungu, maana watoto wake walikuwa wamelowa.

"Jirani zetu wa Kahawa West. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya padri katika kanisa Katoliki la Soweto, na laki 6 nyingine juu yake. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zitarudishwa. Hakusema ziliibwa, alisema Kanisa lilinde uhuru wake. Nao walikuwa na haja ya nyumba ile kama sisi tulivyo na haja ya paa. Kama wao waliamua kurudisha fedha ambazo Askofu hakusema ni za wizi, sisi tutapokeaje hili, na mwenyewe tunamjua?"

Fisi akasimama. "Kwa hiyo mnanihukumu?"

"Wewe una Mungu wako, Mheshimiwa. Sisi tunajihukumu wenyewe, kwa kuwa mkono utakaopokea ni wetu."

Kimya kirefu kikapita. Mbuzi akasema kwamba ile amani yake imekwisha. Punda akatoka nje, akaleta mkokoteni, na ndiye aliyelirudisha gunia kwa Mama Kanga.

Paa bado linavuja. Harambee ya mabati inaendelea kila Jumapili baada ya ibada, na kila mchango unaandikiwa risiti yenye jina la aliyetoa.