Sifa za Waya Uliolegea

Waache wengine wasifu wafalme. Mimi nausifu waya mwembamba wa shaba uliochomoka nusu nyuma ya termostati, usiku wa Januari, Minneapolis, nje baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Ukoo wake si wa kubeza. Mwaka 1886, katika mji huohuo, Albert Butz alianzisha kampuni ya vidhibiti vya joto iliyokuja kuzaa Honeywell. Tangu hapo tanuri la nyumba halina kauli. Litazame kule besimenti: lina bomba la gesi, lina feni, linakula volti 120, lakini bila volti 24 za transfoma kupanda kwa waya mwekundu, R, na kuteremka kwa mweupe, W, halitoi hata cheche. Jitu lote hilo linangoja ruhusa ya nyaya mbili!

Na waya uliolegea una adabu. Hautoi moshi wala harufu, unanyamaza tu. Familia iliyokuwa imetawanyika vyumbani, kila mtu na simu yake, inajikuta chini ya blanketi moja, ikimshuku baba, ambaye kila mtu anajua hushusha joto kwa siri kwa kuogopa bili. Maskini, safari hii hana hatia.

Lakini kipaji chake kikubwa ni kumtambua fundi. Akibisha hodi tu, ukuta unatikisika kidogo, shaba inagusa, tanuri linanguruma. Fundi anapasha mikono, anaandika ada ya kuja, anaaga. Mlango ukifungwa nyuma yake, waya unaachia.

Ndiyo maana umesomesha watu umeme bila karo. Mtu ambaye jana hakujua kushika bisibisi leo anabadilisha betri, anakagua swichi ya mlango wa tanuri, anachomoa fyuzi ya zambarau ya ampea 3, ileile ya magari, na kuiinua kwenye taa aone kama uzi wake umekatika. Akishapevuka, anazima umeme, anaziunganisha R na W kwa kipande cha waya pale termostati inapokaa, kisha anawasha. Tanuri likiwaka, nyaya za ukutani ni nzima na mkosaji yuko pale termostati. Lisipowaka, ashuke besimenti afanye vilevile kwenye bodi ya tanuri. Likiwaka huko, basi waya umekatika njiani, na hapo heshima imwendee panya.

Ukimpata mheshimiwa mwenyewe, waya uliolegea, zima umeme wa tanuri kwanza, vua ganda lake kidogo, ingiza shaba yote, kaza skrubu. Fyuzi mpya ikiungua tena, kuna nyaya zinagusana mahali. Usiweke kubwa zaidi, mwite fundi. Na ukisikia harufu ya gesi, achana na sifa zangu zote: toka nje na watu wako, ndipo upige simu.